Mtani wa Kila Stendi

Jumatatu, 3 Februari

Kati ya Bamako na Sikasso hakuna mtu anayeaminika kunishinda mimi. Nimeshasema. Mungu alipogawa ndimi, wenzangu walipewa vijiko, mimi nikapewa koleo. Nikimwambia kuku kwamba karamu ya kesho haimhusu, atalala usingizi mnono, na asubuhi ataleta chumvi mwenyewe.

Jina: Zoumana Coulibaly. Elimu: darasa la saba. Nikaona inatosha, shule nayo ikaona hivyo hivyo. Kazi: kuuza chai ya kijani ya Hajati Assitan, ile ya pakiti yenye tausi. Makazi: basi. Ségou, Bla, Koutiala, San, kisha mzunguko upya. Tangu mvua ziishe sijalala kitanda kimoja mara mbili mfululizo. Makalio yangu yanazijua barabara za nchi hii kuliko wizara.

Leo habari kubwa. Hajati ametuita, mimi na Fousseyni Sangaré, msafiri mwenzangu na mzigo wangu wa moyo. Anafungua ghala Ségou. Ghala lina meza. Meza ina kiti. Kiti kina mto! Mmoja wetu atakikalia, mwingine ataendelea kulamba vumbi.

Nikauliza, kwa furaha, mshindi atapimwa kwa mauzo? Maana kwa mauzo Fousseyni ni konokono mwenye homa. Hajati akasema la. Mauzo ya leo kila mwenye mdomo anayaweza. Wiki mbili zikiisha atawapigia simu wenye maduka na kuwauliza swali moja tu: nikuletee nani? Jina litakalotajwa sana ndilo la kiti.

Nikamtazama Fousseyni. Alikuwa anapiga miayo. Maskini. Kiti changu hicho.

Jumanne, 4 Februari

Njiani kwenda Ségou. Redio ya dereva ilikuwa na mtaalamu wa biashara, sauti ya mtu aliyeshiba. Akasema mteja hanunui bidhaa, ananunua imani. Akasema kuna elimu nzima ya kuuza kwa kuaminiana, watu wanaisomea mpaka wanaota mvi. Nikasogea mbele kusikia. Nikakanyaga mbuzi wa mtu. Mtaalamu akasema: na imani hujengwa kwa njia moja tu, nayo ni...

Khrrrrr!

Tumetoka kwenye mawimbi. Nilimwomba dereva arudi nyuma kidogo. Aliniuliza kama mama yangu anajua kwamba natembea peke yangu.

Njia moja tu! Ipi? Nikawaomba abiria wanimalizie sentensi. Dereva: breki. Mama muuza mafuta ya karite: mizani isiyowekewa kidole. Askari mstaafu: hofu. Kitoto kimoja: pipi. Mzee wa kiti cha nyuma akasema usingizi. Unayeweza kusinzia mbele yake ndiye unayemwamini. Akasinzia begani kwangu mpaka Ségou. Shati langu sasa lina ramani ya udenda, na swali liko palepale.

Nitalichimba. Mimi nikitaka kujua jambo, jambo lenyewe huanza kuhama.

Jumatano, 5 Februari

Ségou. Jaribio la kwanza: vijiwe.

Kila mtu anajua imani ya wanaume inapikwa wapi. Kwenye kijiwe, pembeni ya birika dogo na jiko la mkaa. Glasi ya kwanza chungu, ya pili nafuu, ya tatu sukari tupu. Tabu ni kwamba kati ya glasi na glasi kuna mazungumzo ya mpira na ya wakwe, na mimi nina basi. Kijiwe kimoja kinakula mchana mzima!

Basi nikabuni. Glasi ya kwanza kwa fundi baiskeli. Ya pili mbele ya duka la dawa. Ya tatu kwa wauza kuku. Naaminiwa vijiwe vitatu kwa muda wa kijiwe kimoja. Nilijipongeza mwenyewe, kwa sauti.

Kwa fundi baiskeli nikanywa chungu, nikaaga. Mbele ya duka la dawa mkaa ulikuwa mbichi, bado wako kwenye ya kwanza. Nikanywa chungu tena. Kwa wauza kuku alikuwa amefika mgeni, wameanza upya kwa heshima yake. Chungu ya tatu! Moyo wangu unapiga kama mtu aliyefungiwa stoo. Ndiyo maana maandishi haya yanatambaa.

Baadaye nikapita tena kwa fundi baiskeli. Akaniambia mbele ya watu kwamba kijana anayeondoka kabla ya glasi ya pili ama ameiba, ama anakwenda kuiba. Wakahesabu spana zao nikiwa nimesimama pale.

Spana zote zilikuwepo. Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna aliyenunua pakiti.

Alhamisi, 6 Februari

Nimegundua! Wengine waligundua umeme, mimi nimegundua hiki.

Asubuhi, stendi ya Ségou. Jibaba moja linataka kupanda, kondakta analiambia basi limejaa. Jibaba likamuuliza ukoo wake. Diarra, akasema kondakta. Jibaba likashika kichwa. Eti Diarra! Ndiyo maana! Mtumwa wa babu yangu ananinyima gari lililonunuliwa kwa jasho la baba yake! Kondakta akaangua kicheko: kumbe ni Traoré, mtani wangu, mwizi wa punda, pita ndani, ila nani atakupakata? Akampa kiti chake mwenyewe, akasafiri amesimama mlangoni mpaka Bla. Hawajawahi kuonana maishani!

Utani wa koo nimeuona tangu nazaliwa, lakini kama mtu anavyoiona pua yake. Leo ndiyo nimeitazama. Anayekusifu, unashika mfuko. Anayekutukana, unampa kiti. Ajabu ya Mungu! Kwa nini? Nimewaza njia nzima. Labda kwa sababu aliyekwisha kukuita mtumwa wa babu yake hana tena kitu cha kukuficha.

Sasa shida. Mimi ni Coulibaly, watani wangu ni akina Keita, na katika njia yangu yote hakuna Keita mwenye duka hata mmoja. Hasara ya kuzaliwa bila kushauriwa. Lakini nikajiuliza: ukoo si ufunguo? Nani kasema mtu awe na ufunguo mmoja?

Bla, karibu na stendi, kuna duka la jumla la Mama Sira Diarra. Miezi yote hii ananiambia acha sampuli hapo, mwanangu, bila kuinua macho. Leo nikaingia kifua mbele. Nikasema mimi ni Zoumana Traoré, nimekuja kuchukua kodi, maana duka hili limejengwa na watumwa wangu.

Akainua macho. Nikatazama mlango ulipo.

Akapiga kaunta kofi! Akaita mtaa mzima kwa sauti ya mashine ya kusaga: nyie, njooni muone, yule mtumwa aliyetoroka na punda wa bibi amejirudisha mwenyewe! Nani kakufungua kamba wewe? Mbona umekonda, huko ulikokimbilia hawakulishi? Nikamjibu kwamba chakula chote kililiwa na akina Diarra, wala hawakunawa. Wateja walishika mbavu. Nikapewa kigoda, nikapewa wali wa mchuzi wa karanga. Akawatangazia watu: huyu Traoré ni mwongo tangu enzi za babu yake, lakini chai nimeonja, haidanganyi. Akachukua katoni za kutosha hata mgongo wangu ukanishukuru.

Bila birika. Bila kijiwe. Imani ya papo kwa papo!

Jumamosi, 8 Februari

Koutiala. Leo mimi ni Keita.

Mwenye duka ni Mzee Ntji Coulibaly. Naam, ukoo wangu mwenyewe! Lakini ndugu anakukaribisha kwa salamu, mtani anakukaribisha kwa kelele, na mimi nataka kelele. Nikaingia nikasema nimesikia harufu ya kunde kutoka stendi, nikajua hapa kuna Coulibaly. Walaji wa kunde, wachafuzi wa hewa, msiokaa faraghani na mtu mwenye pua!

Nimewatukana mababu zangu kwa ufasaha ambao sikujua ninao. Mzee alifurahi, akaita wanawe. Akajibu kwamba Keita ni wafalme wasiokuwa na sufuria. Nikataka kumuunga mkono. Nikajiuma ulimi. Nikawatetea akina Keita! Watu wasionihusu hata kidogo!

Kisha likaja sinia. Kunde, vitunguu, mafuta ya karite yanang'aa juu. Harufu ya kwa mama. Sikuwa nimekula tangu jana. Mzee akanitazama kwa jicho la upande, akasema haya, mfalme, sogea. Keita gani atakula kunde mbele ya Coulibaly? Nikasema afadhali nife. Tumbo likajibu kwa sauti, lakini kwa bahati punda akalia nje wakati uleule.

Mzee amenunua. Ameniita mtani wake wa dhahabu. Nimekula mkate mkavu stendi, nikiwaza lile sinia.

Jumatatu, 10 Februari

San. Hapa mimi ni Diarra, maana mwenye duka ni Drissa Traoré. Majina yote nayahifadhi kichwani. Kanuni rahisi: ukiona mnazi, kuwa mkwezi. Drissa ameniita mtumwa, nimemwita mtumwa, tumecheka, kanunua, nimetoka. Kazi safi!

Sasa jambo la ajabu. Fousseyni yuko hapa hapa. Nimemkuta uani kwa Drissa, amekaa mkekani na mama yake Drissa, wanamenya karanga. Sangaré mzima, Mfula wa kabila la wafugaji, asiye na ng'ombe, anamenya karanga! Nilipofika alikuwa anamenya. Nilipomaliza na Drissa alikuwa anamenya. Nikamuuliza ameuza ngapi. Akafikiri. Akasema moja. Ameshaachwa na mabasi mawili, na wala hakuinuka kuyatazama.

Nikakaa nikamchunguza kama daktari. Lazima kuna siri. Hirizi? Nikatazama shingoni: hamna. Maneno matamu? Hasemi! Bibi anasimulia habari za ndoa yake ya mwaka wa nzige, yeye anasema eeh. Baada ya muda anasema eeh tena. Nikamwambia wewe Fousseyni, utaota mizizi. Bibi akanitupia ganda la karanga, akaniambia niache kumsimamia mwenzangu kama mvua isiyotaka kunyesha.

Kumbe Fousseyni alimsikia yule mtaalamu wa redio mpaka mwisho! Hapa kwa Drissa, kwenye marudio. Nikamshika shati. Njia moja tu, ipi? Akasema mtaalamu alisema usiondoke mapema.

Nikacheka mpaka nikakohoa. Elimu ya kuota mvi, iwe hiyo? Anaficha, huyu.

Alhamisi, 13 Februari

Bla tena. Baridi ya vumbi, midomo inapasuka.

Mama Sira alinipokea kwa kuniuliza kama nimekuja kujisalimisha. Nikasema nimekuja kumtembelea punda wangu, nimemkuta amevaa kilemba. Alicheka akafuta machozi kwa upindo wa kitenge. Akaniuliza habari za mama yangu: jina lake, anapoishi, miguu yake inamsumbua? Nikajibu ukweli, isipokuwa ukoo. Nikashangaa kwamba nimejibu. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza miguu ya mama.

Akanitengenezea chai. Glasi ya kwanza, ya pili. Basi likapiga honi. Akasema kaa umalize, mtumwa, ya tatu ndiyo yenye sukari. Nikasema safari, mama, safari. Akaguna. Akaimimina ya tatu kwenye kifuko cha nailoni, akafunga fundo, akanipa. Juu yake akanitupia blanketi: eti watumwa wakifa kwa baridi hasara ni yake.

Nimeinywa glasi ya tatu garini kwa kutoboa kifuko kwa jino. Nusu imeingia kwenye mkono wa shati. Tamu lakini.

Nashangaa. Hii imani inapimwaje? Kwa katoni, anaongoza Mzee Ntji. Lakini blanketi linahesabiwa wapi?

Ijumaa, 14 Februari

Mama Sira amepiga simu. Kaka yake mkubwa amefariki, wamemzika leo mchana. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikadhani ni mtu mwingine. Akasema Jumapili ni kisomo cha siku ya tatu. Akasema nyumba imekuwa nzito, watu wanatazamana tu, na marehemu alikuwa mtu wa kucheka. Watani wao wa karibu wameshahamia Abidjan. Njoo, Traoré, ututukane kidogo.

Nikasema nitafika, mama. Nikasema nitalala kwenye kitanda cha marehemu na kudai urithi. Akacheka kidogo. Akasema ndiyo, hivyo hivyo.

Nusu saa haijapita, Mzee Ntji naye! Mjukuu kazaliwa, Jumapili asubuhi wanampa jina, na sherehe bila Keita wa kuwatukana ni chakula bila chumvi.

Msiba unaomtaka Traoré na sherehe inayomtaka Keita, siku moja! Mwingine angechanganyikiwa. Mimi nimepanga: asubuhi Koutiala, nacheka, nauza, napanda basi la adhuhuri. Alasiri Bla, nalia, nachekesha. Kazi za wanaume wawili, nauli ya mmoja. Kiti kile kinaniita kwa jina. Kwa majina yote.

Jumapili, 16 Februari

Koutiala. Uwanja umejaa. Wenye maduka wa pande zote wapo. Nilikuwa moto! Nikadai mtoto apewe jina la Kunde. Nikadai nipewe mama mzazi kama mtumishi. Wanawake walinipiga kwa vilemba. Wafanyabiashara wanne wakaniuliza chai yangu inapatikana wapi.

Kisha akaingia jeli, msifu na mtunza kumbukumbu za koo. Mzee mwembamba, sauti ya chuma, jina lake Bourama Kouyaté. Sasa, mimi niliyefikiria kila kitu, hili sikulifikiria: akina Kouyaté ndio wanaowashikia akina Keita kumbukumbu tangu dunia ikiwa mbichi! Akauliza Keita ni yupi. Vidole vyote vikanielekea. Akaanza kunisifu. Mababu wakapita mmoja mmoja na farasi zao, nikatunisha kifua, nikamtunza noti. Akasimama. Akauliza, mwanangu, baba yako ni wa kijiji gani, nami nikufikishe nyumbani?

Nikasema mbali.

Mbali wapi?

Nikasema mbali sana, hata basi halifiki.

Akanisogelea. Akanitazama kidevu. Kabla ya sherehe nilikuwa nimepita jikoni, nikachota bajia za kunde kwa siri. Jeli akanipangusa mdomo kwa kidole chake, akakinyanyua juu watu wote waone. Akasema: enyi watu, miaka sitini nawasifu Keita, sijaona Keita mwenye kunde kwenye ndevu, tena ndevu asizokuwa nazo!

Ikabidi niseme. Coulibaly. Zoumana Coulibaly.

Nilidhani nitapigwa. Mzee Ntji alianguka chini kwa kicheko! Akagaagaa na kanzu yake mpya. Mtoto wetu! Ametutukana kwa damu yetu wenyewe! Akatoa hukumu: nile sinia zima la kunde mbele ya hadhara, mpaka Ukeita wote unitoke. Nikala. Mungu wangu, nilivyokula! Kila tonge wanapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi kwa kula.

Basi la adhuhuri likafika. Dereva ananijua, akapiga honi, akangoja. Mzee Ntji akasema kama una safari nenda, mwanangu, kunde hazitoroki. Nikasema ni wateja tu, wataelewa. Nikamwashiria dereva aende. Sinia la pili lilikuwa linakuja, na jeli alikuwa ameanza kunitungia wimbo.

Alasiri Mama Sira akapiga. Nikasema niko njiani, niko M'Pessoba tayari. Akauliza ngoma hizo ni za M'Pessoba? Nikasema ni redio ya basi. Akasema haya, tunakusubiri, kigoda chako kipo.

Basi jingine halikuwepo mpaka asubuhi. Usafiri wa nchi hii hauna adabu.

Jumatatu, 17 Februari

Ségou, ghala jipya. Nikaipita Bla bila kushuka, maana Hajati alisema saa tatu kamili. Harufu ya rangi. Kiti kipo. Mto ni wa kijani! Nilikaa kidogo kuujaribu kabla Hajati hajaingia.

Fousseyni kaja na miguu ya vumbi mpaka magotini. Katokea Bla, msibani. Siku mbili anabeba maji na kupanga viti. Si mtani wao, si ndugu yao, hakuitwa na mtu!

Hajati akaweka simu mezani, sauti nje.

San. Drissa Traoré akasema amletee Zoumana Diarra, kijana mcheshi sana. Hajati akanitazama. Akasema hana Diarra. Drissa akasema basi yeyote. Mara mama yake akamnyang'anya simu: na yule Mfula wangu wa karanga yuko wapi? Mwambieni hatujafika kwenye talaka!

Koutiala. Mzee Ntji alianza kucheka kabla ya salamu. Akasema huyo mla kunde ni mwanangu, nampenda. Ila kumpa kiti? Hajati, huyo mpe basi.

Bla. Mama Sira akapokea. Hajati akampa pole, akauliza, nikuletee nani? Mama akasema kulikuwa na Zoumana Traoré mmoja. Hajati akasema mimi sina Traoré, mwenye jina hilo la Zoumana ni Coulibaly.  Mama Sira akasema: Coulibaly? Hata huyo ningempa kigoda. Jana tulimwekea kigoda mpaka kuku wakaingia kulala. Niletee Sangaré.

Hajati akazima simu. Akasema angewafukuza kazi Diarra, Keita na Traoré, lakini kwa kuwa hakuwahi kuwaajiri, wamepona. Fousseyni akakaa kitini. Mto ukatoa pumzi, fyuuu. Akaniuliza kama nataka chai. Nikasema nina basi.

Jumatano, 19 Februari

Hajati ameniongezea njia ya Sikasso. Wengine wangeita adhabu. Mimi naita uwanja mpya!

Nimelichambua kosa la mpango. Majina yalikuwa mazuri. Utani ulikuwa mzuri. Kilichoharibu ni jeli. Dawa basi ni nini? Niwe jeli! Sikasso nitaingia kama Zoumana Kouyaté. Jeli hamwulizi jeli mwenzake alikotoka, na kila ukoo unamheshimu, kwa hiyo jina moja linatosha mji mzima. Nimeanza kufanya mazoezi ya kuimba. Abiria wawili wamehama viti. Wivu.

Nilishuka Bla njiani, dakika chache tu, basi likijaza mafuta. Nilitaka kumwonyesha Mama Sira kwamba hakuna kilichobadilika. Nikaingia kifua mbele, nikasema wapi urithi wangu, punda wewe, mbona kitanda cha marehemu hakijatandikwa?

Akainuka. Akasema karibu, bwana Coulibaly, za safari. Akanipa maji kwa mikono miwili, kama mgeni wa serikali. Nikamwambia kilemba chake kimefungwa na kipofu. Akasema ahsante. Nikamwita mtumwa, mtoro, mwizi wa karanga. Akaniuliza kama Hajati hajambo. Dukani kulikuwa na watu, wakatazama chini. Dereva akapiga honi, na mara hii hakuna aliyeniambia kaa umalize.

Ninaandika garini, tumeshaipita M'Pessoba. Nimekwisha kuwalaumu jeli, basi, Fousseyni, sinia la pili, redio na baridi. Wote nawasamehe, maana kiti ni kiti tu, na Sikasso viti viko vingi. Kilichoharibika ni kimoja. Nimemtukana yule mama mpaka nikaishiwa maneno, mimi mwenye ulimi wa koleo, na hakunirudishia hata tusi moja.